Hewa Niliyomwongezea Baba Yako

4 Juni

Mwanangu,

Hujambo? Sisi wazima, ila goti langu limejifanya mkwe, halitaki kusumbuliwa. Anayebonyeza simu ni jirani yetu fundi cherehani. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemwonya asinipunguzie neno.

Mapafu ya baba yako ni yale yale. Lakini furahi! Ile mashine ya hewa ya hospitali walituambia iwe kwenye moja. Mtu anahema kama kapanda mlima, moja ya nini? Nikaipeleka nne. Kile kibanio cha kidoleni cha kupimia hewa kwenye damu kilikuwa kinasoma themanini na tisa, sasa tisini na nane! Na analala, mwanangu, analala mpaka adhuhuri. Akiamka kichwa kinamuuma, na jana kaniita jina la dada yake, tukacheka. Wewe unayehudumia wagonjwa wa mapafu huko uliko, si nimekushinda kazi?

Mama yako

5 Juni

Shikamoo mama.

Fundi, kabla hujamsomea zaidi, mwambie arudishe mashine kwenye moja. Asizime.

Mama, kibanio kinaona hewa nzuri inayoingia tu. Ile chafu anayoshindwa kuitoa hakiioni. Mapafu kama yake ukiyazidishia, chafu inajaa kwenye damu mpaka inamlewesha. Ndiyo usingizi huo. Ndiyo kusahau jina lako. Daktari alitaka kibanio kisome themanini na nane mpaka tisini na mbili, basi. Mwamsheni. Asipoamka vizuri, hospitali mara moja. Nimepiga mara sita, mbona hampokei?

Binti yako

19 Juni

Marahaba mwanangu.

Simu ilikuwa chini ya vitambaa vya fundi, usimgombeze, nimeshamgombeza mimi.

Hakuamka. Nilimfinya, nikamwita, kimya. Hospitali wakamfunga barakoa inayomsukumia pumzi, wakamchoma kwenye kifundo cha mkono kutoa damu wapime hiyo chafu. Muuguzi ananionyesha namba: hii ishuke, hii isipande sana. Kichwa changu kikawa nyuzi zilizochezewa na paka. Hewa si hewa? Nikamuuliza, "Nimemuua?" Akasema, "Bado, bibi." Bado!

Yuko nyumbani siku ya tatu. Ananijua. Mashine iko kwenye moja, kidole tisini. Leo asubuhi akaniomba, "Mke wangu, ongeza kidogo tu." Nikasema hapana. Akasema, "Umenichoka." Miaka arobaini na moja hajawahi kunitolea neno hilo. Kageukia ukuta.

Nimekaa mlangoni, mkono nimeukalia usije ukaenda wenyewe kwenye mashine. Fundi ananitazama, namwambia bonyeza. Wewe ndiye uliyesoma. Niambie tena, polepole: kumnyima huku, ndiko kumponya? Nijibu leo. Anakohoa, na ameanza kugeuka kunitazama.

Mama yako