Presha ya Kasuku Wako

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe na mafundi wenzako mnaotengeneza majokofu ya watu. Natumaini kifua hakikusumbui tena na kwamba unakula chakula cha moto, si mikate mikavu ya kulia wima. Sisi huku tu wazima. Mama mzima, mimi mzima, na paa la jikoni nalo limeacha kuvuja. Aliyekuwa mgonjwa ni kasuku wako, na habari zake ndizo zilizonikalisha leo kuandika. Ningekueleza kwenye simu ungecheka, nami sitaki ucheke kabla hujafika mwisho.

Ulipotuachia yule ndege ulisema ni wa kumliwaza mama mpaka utakaporudi. Hukusema kwamba angebaki na sauti yako. Kila jioni anaita, "Mama, nimerudi!" kwa sauti yako ileile ya puani, kisha anakohoa kikohozi chako. Na mama, hata akiwa na chungu motoni, huacha kila kitu akaenda kumwitikia: karibu mwanangu, pole na kazi. Mimi narudi kutoka kiwanda cha sare, mgongo umekatika kwa kuinamia cherehani, nasema nimerudi, na jibu ninalopata ni kwamba niangalie kama maji ya ndege yamebadilishwa. Wanasema wivu ni kidonda, ukiushiriki utakonda. Mimi nimekonda, mdogo wangu. Nguo zangu zote nimezipunguza kiuno.

Basi, Bwana Mkubwa, ndivyo ninavyomwita kasuku wako, alianza kunyamaza. Asubuhi moja tukamkuta kakaa sakafuni mwa tundu, manyoya yamemsimama, anahema mpaka mkia unapanda na kushuka. Tukamrudisha kwenye kijiti, akaanguka tena, mguu mmoja hauna nguvu. Mama alipiga ukelele majirani wakadhani tumefiwa. Mimi huenda kazini kwa miguu, lakini Bwana Mkubwa alikwenda hospitali kwa teksi.

Daktari wa wanyama ni mama mmoja mwenye miwani mizito na maneno machache. Alimsikiliza moyo, akamfunga bawani kitambaa cha kupimia, kidogo kama cha kufungia kidole kilichokatwa. Akapima, akasubiri atulie, akapima tena na tena, akisema ndege mwenye hofu hudanganya kipimo. Mwishowe akatangaza kwamba presha iko juu. Nikaangua kicheko. Nilidhani presha ni ya wenye waume na wakwe. Daktari hakucheka. Aliuliza anakula nini, na mama akajibu kwa fahari kwamba anakula alizeti na karanga za chumvi, tena za kuchagua, moja moja mkononi mwake. Daktari akatueleza kwamba kasuku wa porini huruka kutwa, lakini huyu wetu anakula mafuta na kukaa, mishipa inaziba na kukakamaa, moyo unasukuma damu kwa taabu. Akatoa dawa ya matone. Akaagiza tumpe mboga na matunda, tumrushe sebuleni kila siku, na chumvi asiionje kabisa.

Sasa sikia kilichonichoma. Mama mwenyewe ana presha, wewe unajua. Muuguzi wa kliniki amemkataza chumvi, mimi nimemwomba, nimemnunia, nimelia. Jibu lake lilikuwa lilelile, kwamba chakula bila chumvi ni cha maiti. Lakini siku ile tuliyotoka kwa daktari alilichukua kopo la chumvi akalipeleka kwa jirani, asije akajisahau akampa ndege kipande kutoka sahani yake. Tukaanza kula chapwa, wote watatu.

Chakula cha jioni hiyo nilikivumilia mpaka katikati, nikaweka kijiko chini. Nikamwambia, "Mama, mimi nimekuomba miaka yote hii hukunisikia. Ndege kaugua asubuhi, jioni chumvi imehama nyumba. Kwani mpaka niote manyoya?" Mama alitafuna taratibu, akameza, kisha akasema nimpe ndege matone kabla sijalala, maana mikono yake yeye inatetemeka.

Nikampa. Aliniuma kidole mpaka kikatoka damu, na kesho yake nikampa tena. Mama naye akawa anamkimbiza sebuleni na kitambaa ili aruke, huku na huku kati ya makochi, na kwa kumkimbiza akafanya mazoezi ambayo mimi nilishindwa hata kumtajia. Alipokwenda tena kliniki, muuguzi alipima, akarudia kupima, asiamini. Presha imeshuka. Akanipongeza mimi kwa kumtunza mzazi wangu! Nilitabasamu kwa meno tu. Aliyemtunza ni ndege. Mama amepata nafuu, nami nikafurahi nikiwa nimekunja uso. Naye Bwana Mkubwa akapona, akaanza kuita upya, na kila akiita mimi moyo unanienda mbio kwa hasira, mpaka nikahofia presha imehamia kwangu.

Jambo lenyewe ni hili. Kiwanda kinafungua tawi katika mji mwingine, mwendo wa kutwa nzima kwa basi, na wananitaka nikawe msimamizi wa mafundi. Kuna na nyumba ya vyumba viwili. Habari hiyo niliikalia kimya. Nilikwenda kwanza kumuuliza daktari kama ndege anaweza kusafiri, akakataa katakata, akasema hofu ya safari ndefu itamuua njiani. Nikajua yamekwisha. Mama hataondoka, mimi sitaondoka, na wewe utaendelea kukaa nyumbani kwetu kwa sauti tu, ukihudumiwa.

Jumapili nikamwambia mama hata hivyo, nikitazama dirishani ili nisione uso wake ukigeukia tundu. Akauliza natakiwa lini. Kisha akauliza kama nyumba hiyo ina ngazi, maana magoti yake nayajua. Nikamgeukia, nikamwambia kwamba ndege hawezi kwenda.

"Nimesikia, sijawa kiziwi," akasema. "Mdogo wako alituachia sauti akaenda zake. Mimi nakwenda na mwenye mwili. Ulidhani namkimbilia ndege kwa sababu wewe nakupenda kidogo? Wewe nikukimbilie wapi, na kila jioni unarudi mwenyewe?"

Mdogo wangu, nililia kama mtoto na sikuona haya. Na nikuambie kweli yote: nilifurahi kwamba mama amechagua, na hakukuchagua wewe. Nisamehe, lakini furaha hiyo ninayo mpaka sasa na sina mpango wa kuitoa.

Tunaondoka mwisho wa mwezi. Daktari amekubali kukaa na kasuku mpaka utakapokuja kumchukua, kwa hiyo njoo. Matone ni asubuhi na jioni. Mpe mboga za majani, na umrushe wewe mwenyewe, usimwachie mtu. Karanga usimpe hata akikubembeleza, na kwa kubembeleza anakushinda.

Mama anakusalimu sana. Yuko hapa pembeni yangu anafunga vikombe kwa magazeti, na ananiambia niongeze kwamba siku ukipiga simu, uanze kwa kuuliza hali yangu mimi, kabla hujaomba kuzungumza naye.

Mungu akulinde kazini, akupe afya na nauli.

Ni mimi dada yako,
Msimamizi wa Mafundi