Sauti ya Mama Katika Maombi ya Zuhura

Jumamosi, Masasi. Jua kali tangu asubuhi, na vumbi la stendi limeingia mpaka humu intaneti kafe. Nimeshuka kutoka kijijini kwetu Makote, juu Newala, na sijala. Sina njaa.

Zuhura amenisaliti.

Tulikaa naye chumba kimoja chuoni, miaka mitatu. Ndiye aliyeniletea tangazo la nafasi za uzamivu nje ya nchi, utafiti juu ya ubongo, muziki na lugha. Nikamwambia hilo ni langu. Mama alipata kiharusi, hawezi kutamka hata jina langu, lakini dada yake akianzisha wimbo wa kupukuchua mahindi, Mama anaupokea kwa Kimakonde mpaka mwisho, neno kwa neno. Kampuni za simu zilipofika Newala nilinunua simu ya kurekodi, nikamrekodi miezi minane.

Zuhura aliomba rekodi na maelezo yangu ili aninyooshee Kiingereza. Nikamnakilia kwenye sidii. Baadaye akaniambia nafasi zimefungwa mapema.

Nikaamini.

Juzi nilipata barua pepe ya profesa nisiyemjua. Ni msimamizi wa Zuhura huko nje; nafasi aliiomba yeye, kwa rekodi zangu. Ananishukuru mimi, msaidizi wa Zuhura huko Newala, na ameambatanisha fomu ya ridhaa nimsainishe mgonjwa.

Msaidizi.

Nikampigia Zuhura. Hakukana. "Wewe usingeweza kuondoka, una mama wa kuuguza," alisema taratibu, kama anayemwelekeza mtu njia. "Na jina lako nimeliweka. Mwingine asingeliweka."

Leo nilipanda Makote na fomu. Nakiri, nilitaka Mama akatae ili nimkomoe Zuhura. Mama Mkubwa, huyo dada ya Mama anayemtunza, alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hizo nyimbo ulizichukua lini?"

"Muda mrefu, Mama Mkubwa. Kwa simu."

"Mwenyewe anajua?"

Nilipomrekodi, simu nilikuwa naificha chini ya kanga.

Nikamwekea Mama rekodi. Aliposikia sauti yake alitabasamu, kisha akanikazia macho. Nikamweleza yote kwa Kimakonde: mimi, Zuhura, profesa. Nikamuuliza kama wale wa mbali waendelee kumsikiliza. Akatikisa kichwa kukataa. Nikauliza kama mimi niendelee. Akatikisa tena, akageukia ukutani.

Nimeshamjibu profesa. Nimemwambia kazi ni yangu, Zuhura aliichukua, na mwenye sauti amekataa. Nikaongeza kwamba hata mimi sikumwomba ruhusa. Sentensi hiyo niliifuta mara mbili, nikairudisha.

Zuhura simsamehe, si leo.

Kesho napanda tena Makote. Nitamwamkia Mama kama kawaida, nimpe mkono. Je, ataupokea?