Mbuni wa Bibi Mlangoni

Mjukuu wangu Kokushubira,

Hapa Ijumbi tu wazima. Bibi yako anakusalimu. Mguu umepona, na Jumapili alikwenda kanisani mwenyewe.

Umeniuliza kwa nini sipogoi mibuni yetu, nami nimefundisha kilimo miaka yote. Naona haya kukujibu.

Enzi za Mwingereza, nikiwa shuleni, nilisoma kijitabu cha kupogoa kahawa. Nilikuwa mwoga wa kuuliza watu, kwa hiyo niliamini vitabu. Siku moja bibi yangu alikwenda msibani, nikachukua panga nikaukata mbuni wake wa mlangoni, ambao ndio uliompa kahawa ya kuwatafunisha wageni, kama ilivyo desturi yetu. Kumbe kijitabu kilieleza kahawa ya aina nyingine. Matawi yaliyokuwa karibu kutoa maua yote yalianguka.

Bibi aliporudi aliutazama mti, akaniangalia, akaingia ndani. Kesho yake jirani alipita.

"Nani ameunyoa mti huu kama kichwa cha mfiwa?"

"Mimi, bojo," bibi alimjibu kwa upole. "Macho yangu siku hizi hayaoni."

"Basi umezeeka. Waachie wanao kibanja."

Jirani alicheka, lakini maneno yake yaliwafikia baba na ndugu zake. Kabla ya mavuno walikaa kikao, wakamwondolea bibi usimamizi wa kibanja, shamba letu la nyumbani, wakisema haoni tena. Jioni ya kikao hicho alikaa kando yangu akishona kaptula yangu ya shule, na uzi aliutunga mwenyewe kwenye sindano. Niliinamia kitabu changu, nikaendelea kusoma.

Babu yako