Keki ya Mteja wa Dhahabu

Shoga, acha unachofanya unisome. Nimejifungia stoo ya dawa.

Kasino wameniletea keki. Hapa hapa kazini, mbele ya bosi na foleni nzima ya wateja.

Aliyeileta akasoma kadi kwa sauti: "Hongera, mteja wetu wa dhahabu, kwa kuja kucheza kila siku mwezi mzima." Kila siku. Mimi niliyeingia mle mara moja tu, nikala chakula cha mchana, wakaniandikisha kadi ya pointi, ukizikusanya unakula bure.

Ile kadi niliyompa mdogo wangu, unaikumbuka? Aliniambia, "Dada, nakula tu pale na wenzangu, pointi zinakuwa zako." Nikaona sawa, chakula cha bure nani hataki.

Na nilijua kamari ilivyomshika, hilo ndilo linaloniua. Mwaka jana nilimsindikiza mwenyewe akasaini kwamba wasimruhusu tena kucheza. Mama alilia kwa furaha siku ile. Kumbe mlangoni wanapitisha kadi tu, sura hawaangalii.

Nimempigia. Unajua amesema nini? "Dada, keki ni ya ladha gani?" Na nyuma yake nasikia mashine zinalia.

Bosi hata hakufoka. Ameomba funguo za kabati la dawa kali, kwa upole, "mpaka tuongee." Nikampa.

Nikafungua mdomo niseme si mimi. Nikawaza, atauliza basi ni nani, na mpaka jioni mama atakuwa ameshasikia.

Nikachukua kisu nikawakatia keki. Wamesema ni tamu.