Marlena Ametufungulia Kijito

Kwa mdogo wangu Verna,

Sisi wazima, magoti yangu tu ndiyo yananisumbua. Sasa kaa kitako: Marlena, binti niliyemzaa mwenyewe, ametupatia ruzuku! Lile kalavati la barabarani linalowazuia samaki wa samoni kupanda kijito chetu kutaga mayai litang'olewa, lijengwe daraja.

Lakini nusura tuikose. Wafadhili walipokuja kukagua, tuliwapikia samoni wa kwanza wa msimu, wa kule mto mkubwa. Mkuu wao akala akashiba, kisha akatupa mifupa kwenye pipa la taka! Marlena akazamisha mkono mle, akaitoa.

"Mzee, hii inarudishwa mtoni. Tusipoirudisha, samaki hawaji tena."

Nikamfinya. "Wewe, utatukosesha pesa!"

"Mama, niache!"

Yule mzee akavua viatu, wakaingia majini pamoja kuirudisha. Akatoka anatetemeka kwa baridi, meno yanagongana, akasema, "Sasa nimeelewa mnachoomba."

Verna, ulihama ukilia kwamba kijito kimekufa, na sikukulaumu. Samoni wakipanda, nataka uwe hapa. Huyo Marlena ndiye mwanangu! Majirani wamechoka kunisikia, na bado sijamaliza.

Dada yako mwenye maringo,
Arlene