Buibui Uliyemweka Mkononi Mwako

Shikamoo, Mama Mwavita.

Najua safari hii hutaniitikia ile marahaba yako ndefu, ya kuvuta, uliyokuwa ukiitoa huku ukiendelea kupepeta mchele bila hata kuinua macho. Nakusalimu hivyo hivyo. Mjukuu wako Zaina alinipigia simu kunieleza kwamba umetangulia, na kwamba wamekuzika siku ileile, kabla sijapata usafiri wa kutoka huku Burundi. Nimelia nimechoka. Sasa nimekaa kukuandikia, na naandika waziwazi ili wengine wasome, maana uliyonitendea hayafai kushukuriwa chumbani, mlango umefungwa.

Nilifika Ujiji miaka ile ya vita kwetu, nina mfuko mmoja wa nguo na lenzi ndogo niliyoining'iniza shingoni. Nilikuwa nimesomea ualimu wa biolojia, lakini nilichokipenda kuliko kufundisha kilikuwa kutafuta buibui na wadudu, kuwatambua, na kuandika nilipowakuta na walichokuwa wakifanya. Wenzangu niliovuka nao walipelekwa kambini. Mimi ulinikuta barazani kwako natetemeka kwa homa, ukanisalimu kwa Kiha cha mama yako: "Mwakeye, mwana wanje," yaani habari za asubuhi, mwanangu. Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja, Mama. Nilisikia sauti ya kwetu nikaanza kulia kama mtoto. Homa ilipoisha hukuniambia niondoke, nami niliogopa kukuuliza kama naruhusiwa kukaa.

Kumbe Mungu alikuwa amenileta kwenye nyumba yenye buibui kuliko zote mjini. Sakafu yako ilifagiliwa ikang'aa, ila utando wa kwenye pembe na darini haukuguswa na fagio. Uliniambia buibui ndiye aliyefuma mlangoni mwa pango akamficha Mtume, maadui wakapita, kwa hiyo kwako haguswi. Nilifurahi nusu. Buibui wengi huwezi kuwatofautisha mpaka umpate aliyekomaa, amekufa, umlaze chini ya lenzi. Siku uliponifuma na kichupa cha spiriti nataka kumtumbukiza mmoja, ulikichukua mkononi mwangu taratibu, ukanituma nikamenye mihogo. Nilinuna siku nzima, na wewe ulinitazama ninavyonuna.

Halafu asubuhi moja ulinipeleka nyuma ya jiko, penye vile vijumba vya udongo ambavyo nyigu huvibandika ukutani. Ukakibandua kimoja kilichozibwa kwa ncha ya kisu. Ndani mlikuwa mmejaa buibui tele, ambao nyigu aliwachoma akawapanga humo wawe chakula cha mtoto wake. "Hawa hukuwaua wewe," ukasema, ukarudi kwenye sufuria yako. Wanafunzi wangu nawafundisha njia hiyo mpaka leo, na wanadhani niliitoa kwenye kitabu kikubwa.

Tangu hapo ulinogewa, usinibishie. Tulipopanda Kalinzi kuwatembelea ndugu za mama yako, nilitandika khanga yako chini ya mibuni nikayagonga matawi kwa fimbo ili wadudu wadondoke. Kwanza ulinigombeza kwamba naharibu kahawa ya watu. Baadaye kidogo ulikuwa umepiga magoti, unanionyesha kwa kidole yule wa kijani anayetembea upande kama kaa. Kule ufukweni wanakoanika dagaa, uliniita mbele ya watu kwamba njoo haraka, huyu amebeba watoto mgongoni. Wakacheka. Wewe hukujali, na mimi nilijiona nina kwetu.

Ndiyo maana yale yaliyotokea msimu wa mvua yaliniumiza sana. Zaina aliamka na shavu limevimba, jekundu, lina malengelenge, na jicho moja halifunguki. Jirani yetu Bi Tatu alitazama mara moja akasema mtoto kakojolewa na buibui. Wewe mwenyewe uliwahi kuniambia hivyo, na Ujiji nzima ilijua hivyo: kidonda cha namna ile ni mkojo wa buibui. Ila safari hii waliongeza kwamba kuna mkimbizi anayewafuga. Jioni balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Rajabu, alikuja na adabu zake zote, akasema kwa faida ya kila mtu ni bora niende kambini kwa wenzangu, kabla vijana hawajafanya lao. Nilikusanya nguo zangu zikaenea kwenye ule mfuko niliokuja nao. Sikukulaumu. Mtoto alikuwa damu yako, na mimi nilikuwa mtu niliyeokotwa barazani.

Lakini nilikuwa nimeutazama uso wa Zaina kwa lenzi, na kuna jambo lilikataa kutulia. Jeraha lilikuwa mstari, kutoka shingoni hadi kwenye jicho, kama mtu aliyejipangusa kwa vidole. Nikamuuliza Zaina alikuwa wapi jioni ya juzi yake. Alikuwa kwenye chemli anasoma, akasema, na kulikuwa na vidudu. Nikajua. Mvua zinapoanza huja kwenye taa kijidudu chembamba, cheusi chenye kifua cha rangi ya chungwa, kinachokimbia kama sisimizi. Hakiumi. Ila ukikiponda juu ya ngozi, maji yake yanaunguza, na hutayasikia mpaka kesho yake.

Magharibi ilipoisha nilikuomba uwaite Bi Tatu na Mzee Rajabu. Niliwasha chemli uani, vidudu vikaja, nikakishika kimoja nikakiponda juu ya mkono wangu wakiona. Halafu nikasema nitamweka buibui kwenye mkono wa pili, tungoje tuone ni upi utakaoungua. Bi Tatu akasema, na alikuwa na haki, kwamba mimi ni mwenyewe wa buibui, mimi hawanidhuru. Hapo ndipo ulipoinuka kwenye mkeka. Ulikwenda ukutani ukamchukua yule mkubwa mwenye miguu mirefu, ambaye mimi mwenyewe nilikuwa nikimwogopa kidogo, ukamweka mkononi mwako ukamfunika kwa glasi. "Kama ni yeye," ukasema, "basi na anikojolee mimi."

Hukuwa na hakika, Mama. Hilo ndilo ninalolifikiria mpaka leo. Ulikuwa umeamini mkojo wa buibui tangu utotoni, na bado hukuiondoa ile glasi.

Kesho yake sikuweza kula. Mchana mkono wangu ulianza kuwasha, jioni ukawa mwekundu, na asubuhi iliyofuata ulikuwa na malengelenge yaleyale ya Zaina. Sijawahi kufurahia kidonda namna ile. Wa kwako ulikuwa safi. Ulimwonyesha Bi Tatu mbele na nyuma, kama mtu anayeuza kitambaa, naye akaushika, akaugeuza, akaanza kucheka, na sote tukacheka hadi tukakaa chini. Mzee Rajabu alitaka kujua tu kama kile kidudu kinapenda pia taa za umeme. Jicho la Zaina lilifunguka wiki hiyohiyo kwa kuoshwa na maji safi na dawa ya zahanati, na wewe uliutoa ule mfuko wangu ukautumia kutilia maharage.

Amani iliporudi kwetu nilirudi, nikapata kazi ninayoipenda, na kila nilipoweza nilivuka kuja kukuona. Lakini hata nikiwa barazani kwako na kikombe cha chai, hofu yangu ya kwanza haikuisha kabisa. Ulinisitiri kwa huruma? Ungemsitiri yeyote? Mtu aliyewahi kukimbia huhesabu kila mara kama bado anahitajika. Niliona haya kukuuliza, kisha ukaondoka.

Sasa sikiliza alichoniambia Zaina. Kabla jeneza halijatoka uani, kaka yako alisimama kueleza habari zako, ulizaliwa wapi, uliolewa na nani. Halafu akasema marehemu ameacha watoto wanne. Ulizaa watatu, Mama, na uwanja ule ulijaa watu waliokujua tangu usichana. Akawataja kwa majina, mmoja mmoja, hadi mimi, Goreti niliyeko Burundi, kwa sababu ulikuwa umemwagiza ataje hivyo. Nilimuuliza Zaina watu walisemaje. Akashangaa swali langu.

"Waseme nini?" akasema. "Waliitikia amina."

Pumzika, Mama. Nimeshusha pumzi.

Binti yako wa nne