Siku Niliyolala Kitanda cha Mama Mkwe

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imefika hapa Ipuli, marahaba. Sote wazima. Babu yako amepata meno ya bandia, ila huyavaa kanisani tu. Anasema ugali utayachakaza.

Unauliza kama ni dhambi kumwachia wifi yako mama mkwe jioni moja ukapumzike. Sikia.

Enzi za Mwingereza, ndiyo kwanza nimeolewa kule Ipole, nilimuuguza mama mkwe wangu aliyepooza miguu. Jirani akitaka kunisaidia nilikataa, nilitaka nisifiwe. Mchana mmoja nikimlisha uji, usingizi ukanibeba. Nikaangukia kitanda chake, kichwa mapajani mwake. Kitanda ambacho hata kukikalia nilikuwa naona haya!

Akina mama wa kanisani wakaingia na uji wenye asali, wamekuja kumjulia hali. Wakamkuta amekaa ananifukuzia nzi, mimi nakoroma.

“Kwani mgonjwa ni yupi?”

“Leo ni huyu,” akajibu. “Semeni polepole.”

Niliamshwa na “Amina” ya maombi yao. Walikuwa wameniwekea mikono kichwani! Nilitaka kukimbia, lakini nikalishwa uji wote, kijiko kwa kijiko, mama mkwe akisimamia.

Walipoondoka nikapiga magoti kumwomba radhi. Akacheka mpaka machozi.

“Radhi ya nini? Tangu uolewe, leo ndiyo umeniacha nikapumua.”

Kwa hiyo nenda, Neema. Mkwe wako naye apumzike.

Ni mimi bibi yako, ambaye siku hizi nasinzia bila kuombewa.